Ibn Hajar al-Asqalani: Mwanachuoni aliyewazika mabinti watano

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, Mwenye kutoa na Mwenye kutwaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye kati ya watoto wake saba, sita walitangulia mbele ya haki naye angali hai. Ziwafikie pia Ahli zake, Masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, miaka ya karibuni nchi yetu imepita katika misiba mizito iliyoletwa na mvua. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, wakiwamo watoto wadogo. Tarehe 12 Aprili 2024, jijini Arusha, gari lililokuwa likiwapeleka wanafunzi shuleni lilisombwa na maji ya mafuriko, na wapo wazazi waliowaaga watoto wao asubuhi wasiwaone tena wakiwa hai. Na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kila mvua inapoanza mwezi Novemba, mzazi wa Hasamba, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, humtuma mtoto wake shule huku akitazama mawingu, akijua kuwa kijito alichokivuka asubuhi kwa kuruka kinaweza jioni kuwa mto.

Msiba wa namna hiyo ukitokea, watu hukusanyika matangani. Wengi huja na maneno ya kheri. Lakini wapo wanaomwambia mama aliyefiwa kwamba machozi yake ni upungufu wa imani. Wapo pia wanaonong'ona pembeni kwamba maafa yale ni adhabu kwa madhambi ya wazazi. Maneno hayo huachwa msibani, watu hutawanyika, na mzazi hubaki nayo usiku kucha.

Kwa sababu hiyo, leo tunayaeleza maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake linafahamika katika madrasa zetu kutoka Lamu na Unguja hadi Tunduma. Naye ni Imamu Ahmad bin Ali bin Hajar al-Asqalani, mwenye kitabu cha Bulughul Maram. Kijana wa Hasamba akipelekwa madrasa kusoma fiqhi na hadithi, hapiti miaka mingi kabla hajakutana na kitabu hicho. Ila wengi wanaokisoma hawajui kwamba mtungaji wake alikuwa baba aliyefiwa, tena aliyefiwa mara tano.

Mtoto aliyezaliwa baada ya msiba

Ibn Hajar alizaliwa Misri, katika mji mkongwe uliopakana na Cairo, mwezi wa Shaabani mwaka 773 Hijria, sawa na mwaka 1372 Miladia. Baba yake, Nuruddin Ali, alikuwa mtu wa elimu na mtunzi wa mashairi.

Inasimuliwa kwamba kabla ya kuzaliwa Ibn Hajar, baba huyo alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, kijana aliyesoma fiqhi na kuonyesha dalili za kuwa mwanachuoni. Kijana yule alifariki, na baba akapatwa na huzuni kubwa. Alikwenda kwa mchamungu mmoja wa zama zile, Sheikh Yahya as-Sanafiri, ambaye alimliwaza na kumpa bishara kwamba Mwenyezi Mungu atamruzuku mtoto mwingine. Basi Ibn Hajar alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kuonja uchungu wa kufiwa, na alikuja duniani akiwa faraja ya baba yake.

Faraja ile haikudumu. Mama yake alifariki naye angali mdogo sana. Mwaka 777 (1375) baba naye akafariki, wakati Ibn Hajar hajatimiza miaka minne. Baadaye katika maisha yake alieleza kwamba alimkumbuka baba yake kama mtu anayekiwazia kitu bila kukihakikisha.

Yatima huyo alilelewa na mfanyabiashara mkubwa wa Misri, Zakiuddin al-Kharrubi, ambaye alikuwa rafiki wa baba yake. Alihifadhi Qur'ani akiwa na umri wa miaka tisa. Mwaka 784 (1382) mlezi wake alikwenda naye Makka, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 12 tu, aliwasalisha watu sala ya tarawehe katika mji huo mtukufu.

Alikuwa na dada mmoja, Sittur-Rakb, aliyemzidi kwa miaka kama mitatu. Dada huyo alikuwa mwenye kusoma na kuandika, mwerevu na mpenda elimu. Ibn Hajar alimhesabu kuwa ndiye mama yake baada ya mama yake. Alifariki mwaka 798, naye akiwa bado kijana. Kwa hiyo, kabla ya kufikisha miaka 26, Ibn Hajar alikuwa amempoteza mama, baba, mlezi na dada.

Nyumba ya mabinti watano

Katika mwaka huohuo wa 798 (1396) Ibn Hajar alimuoa Uns Khatun, binti wa mmoja wa wakuu wa ofisi ya jeshi la Misri. Wakati huo alikuwa ameshaanza kufuatana na Imamu Zainuddin al-Iraqi, bingwa wa hadithi wa zama zile, na kwa miaka kumi hakuachana naye. Alisoma pia kwa Sirajuddin al-Bulqini na kwa Ibn al-Mulaqqin, wanachuoni wakubwa wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki.

Ibn Hajar hakuiacha elimu mlangoni. Mkewe aliisikiliza hadithi kwa al-Iraqi, akapata ijaza za masheikh, na mwishowe akawa yeye mwenyewe mwalimu ambaye wanafunzi walikwenda kumsomea.

Mwenyezi Mungu aliwaruzuku mabinti watano. Wa kwanza ni Zain Khatun, aliyezaliwa mwaka 802. Akafuata Farha mwaka 804, kisha Ghaliya mwaka 807, na Rabia mwaka 811. Pamoja nao alikuwapo Fatima. Zain, kifungua mimba wao, alipelekwa na baba yake kwa masheikh tangu utotoni ili apate fungu katika isnadi za hadithi. Mwaka 815 (1412) Ibn Hajar alipata pia mtoto wa kiume, Badruddin Muhammad, kwa mama mwingine.

Mwaka 817 (1414) Ibn Hajar alianza kazi ambayo ingemchukua miaka 25, yaani kuisherehesha Sahih al-Bukhari. Sherehe hiyo ndiyo Fat'h al-Bari, na mpaka leo hakuna mwanachuoni wa hadithi asiyeirejea. Msomaji aushike vyema mwaka huo wa 817, kwani miaka miwili tu baadaye tauni iliingia nyumbani kwake.

Tauni ya mwaka 819

Tauni ni maradhi makali yanayoleta homa na uvimbe wa tezi kwapani, kinenani au shingoni. Sisi hatuyajui kwa kusikia tu. Kuanzia mwaka 1980 yalizuka wilayani Lushoto, mkoani Tanga, yakawa yanarudi kwa zaidi ya miaka 20. Leo tunafahamu kwamba husababishwa na bakteria wanaoenezwa na viroboto wa panya, na kwamba mgonjwa akiwahi kupewa dawa hupona. Zama za Ibn Hajar hakuna aliyejua hayo, si tabibu wala mwanachuoni. Tauni kubwa iliyofika Misri mwaka 748 (1347) iliua watu wasiohesabika, na tangu hapo iliendelea kurudi kila baada ya miaka kadhaa, mithili ya mgeni mwenye ufunguo wa nyumba.

Mwaka 819 (1416) ilirudi Cairo. Miongoni mwa waliofariki walikuwa mabinti wawili wa Ibn Hajar, Ghaliya na Fatima. Ghaliya alikuwa na umri wa miaka kama 12.

Alifanya nini baba yule? Alichukua kalamu. Katika mwaka huohuo wa msiba alianza kukusanya maandiko ya kitabu alichokiita Badhl al-Ma'un fi Fadl at-Ta'un, kinachoeleza habari za tauni na fadhila za mwenye kufariki kwayo. Alikigawa katika milango mitano. Alieleza asili ya maradhi hayo kama yalivyotajwa katika hadithi, maana yake, daraja ya shahidi kwa anayekufa kwayo, hukumu ya kuingia au kutoka katika mji ulioingiliwa na tauni, na mwisho wajibu wa watu baada ya kupatwa nayo. Katika mlango huo wa mwisho mna maelezo ya dua, subira na haki za mgonjwa.

Kitabu hicho kina mambo mawili ambayo kila mzazi aliyefiwa katika maafa anayahitaji. La kwanza ni kwamba mauti ya maafa kwa Muislamu si alama ya kughadhibikiwa. Hadithi sahihi zinaifanya tauni kuwa rehema na shahada kwa muumini. Katika mafundisho hayohayo ya Mtume (s.a.w.) wamo pia aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo, nao wamehesabiwa kuwa ni mashahidi. Basi mtoto aliyesombwa na mafuriko, au aliyefunikwa na tope usiku akiwa amelala, si haki kumtaja kwa ulimi wa lawama. Wala si haki kuwauliza wazazi wake wamefanya kosa gani. Wanachuoni wetu wamekubaliana kwamba mtoto asiyefikia baleghe hana dhambi ya kuandikiwa. Vipi basi aadhibiwe?

La pili ni kwamba shahada haimwondolei mtu wajibu wa kujihadhari. Ibn Hajar alilifafanua kwa urefu agizo la Mtume (s.a.w.) la kutoingia katika ardhi yenye tauni, na kutotoka kwa kuikimbia kwa aliyekwishakuwamo. Hakuona mgongano baina ya kuamini kadari na kulinda uhai. Ayaaminiye malipo ya shahidi hapaswi kuwapeleka wengine kwenye hatari.

Misiba mitatu katika miaka sita

Mwaka 827 (1423) Ibn Hajar aliteuliwa kuwa Kadhi Mkuu wa madhehebu ya Shafi nchini Misri, cheo alichokishika, kuondolewa na kurudishiwa mara kadhaa, kwa muda uliojumlisha takriban miaka 21. Kwa hiyo mchana aliketi kuamua mirathi za watu, nyingi katika hizo zikiwa zimeachwa na waliokufa kwa tauni, na jioni alirudi katika nyumba iliyokuwa ikipungua watu.

Mwaka 828 (1425) binti yake Farha alirudi kutoka Hija akiwa mgonjwa, akafariki. Mwaka huohuo Ibn Hajar alikamilisha Bulughul Maram. Inasimuliwa kwamba alikitunga ili mwanawe Badruddin akihifadhi. Wazazi wa Hasamba na kwingineko wanaomnunulia mtoto wao kitabu hicho wakumbuke kwamba kwa asili yake ni zawadi ya baba kwa mtoto aliyebaki hai. Mzazi aliyefiwa ana watoto wengine wanaomtazama, na Ibn Hajar hakuwaacha wale waliobaki kwa sababu ya wale waliokwenda.

Mwaka 832 akafariki Rabia, akiwa na umri wa miaka 21 hivi.

Kisha ukaja mwaka 833 (1430), na tauni iliyoipiga Cairo mwaka huo ilikuwa kali kuliko zote alizozishuhudia. Yeye mwenyewe aliandika yaliyotokea. Mwanzoni waliokuwa wakifariki katika mji walikuwa chini ya 40 kwa siku. Watu wakatangaziwa kufunga siku tatu, kisha wakatoka kwa wingi hadi jangwani kuomba dua, kama wafanyavyo katika sala ya kuomba mvua. Walirudi majumbani, na kabla ya mwezi kwisha idadi ya wanaokufa ilivuka 1000 kwa siku. Ibn Hajar alibainisha kwamba mkusanyiko wa namna ile kwa ajili ya tauni hauna asili katika Sunna. Dua ni ibada, na yeye hakuipinga. Alichokataa ni kuzua jambo lisilo na msingi katika wakati wa hofu, hata kama waliolizua walikuwa wengi na wenye nia njema.

Katika tauni hiyo alifariki Zain Khatun, kifungua mimba wake, akiwa na miaka 31 na akiwa mjamzito. Mwanamke anayefariki na mimba tumboni naye ametajwa katika hadithi kuwa ni shahidi, basi Zain aliingia katika fadhila hiyo kwa milango miwili. Na mwaka uleule wa 833 baba yake alikikamilisha kile kitabu cha tauni alichokianza miaka 14 nyuma. Alikianza kwa msiba wa mabinti wawili, akakifunga katika mwaka wa msiba wa binti wa tano. Hakubaki hata mmoja.

Sherehe iliyoandikwa na mwenye msiba

Katika miaka yote hiyo kazi ya Fat'h al-Bari haikusimama. Aliikamilisha mwezi wa Rajabu mwaka 842, mwishoni mwa mwaka 1438, na mwezi uliofuata aliwafanyia watu karamu kubwa nje ya mji wa Cairo, iliyogharimu dinari 500.

Sahih al-Bukhari ina kitabu cha majeneza. Ndani yake mna hadithi za wazazi waliofiwa, na Ibn Hajar alizisherehesha moja baada ya nyingine. Alisherehesha habari ya kufariki kwa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), na machozi yaliyomtoka Mtume mbele ya Masahaba waliostaajabu, naye akawafahamisha kwamba machozi yale ni rehema. Alisherehesha habari ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini, akausiwa na Mtume (s.a.w.) kusubiri, naye kwa uchungu akamjibu kwa ukali bila kumtambua. Ibn Hajar alitanabahisha kwamba katika mapokezi mengine imekuja wazi kuwa aliyekuwa akililiwa ni mtoto wake. Mwanamke yule alipojua amezungumza na nani, alikwenda kuomba radhi, na Mtume (s.a.w.) hakumkaripia kwa jibu lake. Alimfundisha tu kwamba subira ya kweli ni ile ya pigo la kwanza.

Katika sherehe hizo Ibn Hajar anatenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Machozi na huzuni ya moyo havikukatazwa. Kilichokatazwa ni kuchana nguo, kujipiga mashavu, na kupiga mayowe ya kumlalamikia Muumba. Nabii Yaaqub (a.s.), ambaye Qur'ani inamtaja kwa subira njema, ndiye huyohuyo ambaye macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe. Mtu aweza kuwa na subira na machozi kwa wakati mmoja.

Liko jambo jingine linalostahiki kuzingatiwa. Zimekuja hadithi za bishara kwa mzazi aliyefiwa na watoto watatu, au wawili, kwamba watakuwa pazia baina yake na Moto, na baadhi zimefungamana na watoto ambao hawajafikia baleghe. Wanachuoni walihitilafiana kama mtoto mkubwa anaingia katika bishara hiyo. Wapo waliosema kwamba mkubwa anastahiki zaidi kuingia. Ibn Hajar alikuwa amewazika mabinti watu wazima, na kauli hiyo ingemfariji. Hata hivyo alizitaja kauli zote, kisha akaonyesha kwamba dalili ya matamshi ya hadithi inaitia nguvu kauli ya wale walioifungamanisha na watoto wadogo, na kwamba kufiwa na mtoto mkubwa nako kuna malipo yake kwa ujumla. Hakuipindisha elimu ili imliwaze. Basi ni vipi mtu aliyekwenda kuhani, ambaye msiba si wake, athubutu kumzulia mfiwa hadithi isiyokuwapo?

Alisherehesha pia habari ya jua lililopatwa siku aliyofariki Ibrahim. Watu walisema jua limepatwa kwa sababu ya kifo chake, na Mtume (s.a.w.) akalikanusha jambo hilo hadharani, akafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Baba huyo aliyefiwa, siku yenyewe ya msiba wake, alikataa tukio la maumbile lifasiriwe kwa kumhusisha mwanawe. Na sisi tukataze mlima ulioporomoka usifanywe hukumu juu ya familia iliyokuwa chini yake.

Uns Khatun baada ya watoto wake

Haifai kuyaeleza maisha haya bila kumtaja mama. Uns Khatun ndiye aliyewazaa mabinti wote watano, na ndiye aliyewazika wote watano. Zain alipofariki aliacha mtoto wa kiume, Yusuf bin Shahin, aliyezaliwa mwaka 828, naye alikuwa na umri wa miaka kama mitano. Bibi yake alimlea. Mtoto huyo alikua, akawa mtu wa hadithi na historia, akajulikana kwa lakabu ya Sibt Ibn Hajar, yaani mjukuu wa Ibn Hajar kwa binti yake.

Uns alikwenda Hija tena mwaka 834, mwaka mmoja baada ya msiba wa mwisho. Aliendelea kuwasomesha hadithi wanaume na wanawake, na miongoni mwa waliomsomea ni Imamu as-Sakhawi, mwanafunzi mkubwa wa mumewe, ambaye ndiye aliyetuhifadhia habari nyingi za familia hii katika kitabu chake al-Jawahir wad-Durar. As-Sakhawi amesimulia kwamba kila Sahih al-Bukhari ilipohitimishwa mbele yake, Uns alikuwa akiwaandalia waliohudhuria haluwa na matunda, na watoto walikuwa miongoni mwa waliofika. Nyumba iliyoondokewa na watoto ikarudi kusikika sauti za watoto.

Ibn Hajar alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 28 Dhulhija mwaka 852, sawa na Februari 1449. Sultani Jaqmaq alihudhuria sala ya jeneza lake, na watu waliofurika kumsindikiza hadi makaburi ya Qarafa walikuwa wengi mno. Uns aliishi baada yake miaka 15, hadi mwaka 867.

Tunachojifunza

Ndugu Waislamu, maisha ya Imamu huyu yanawahusu wafiwa na wanaowahani pia.

Aliyefiwa na alie, kwani amelia aliye bora kuliko sisi. Asimruhusu mtu kumwambia kwamba mwanawe ameadhibiwa. Asijilaumu kwa kutokujua saa ambayo hakuna aliyeijua. Awatazame watoto waliobaki, na wajukuu, na mayatima wa jirani. Kazi yake ya halali, ikiwa ni shamba la kahawa, duka au kufundisha, asiione kuwa ni usaliti kwa marehemu akiirudia. Ibn Hajar aliirudia kalamu yake, na umma mzima ukafaidika.

Anayekwenda kuhani na apunguze maneno, azidishe msaada. Watu wa nyumba ya Jaafar bin Abi Talib walipofiwa naye, Mtume (s.a.w.) aliagiza wapelekewe chakula. Huko Hasamba na sehemu nyingi za Songwe, Waislamu ni wachache na majirani wa dini nyingine huja msibani na kuni, maji na unga. Wema huo tuupokee kwa shukrani na tuulipe kwa mfano wake. Na tusikomee siku ya tatu, maana huzuni ya mzazi haina tarehe ya kumalizika. Ibn Hajar alikichukua kitabu chake cha msiba kwa miaka 14.

Viongozi wa misikiti na walezi nao wakumbuke sehemu ya pili ya funzo lake. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zikitolewa, zitangazwe baada ya sala. Watoto wasivushwe mto uliofurika. Nyumba zisijengwe katika mkondo wa maji au chini ya mteremko unaomeguka. Hakuna atakayezuia kadari, lakini kadari haikuwa udhuru wa mtu kuulegeza ulinzi wa watoto wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ibn Hajar, mkewe na watoto wao. Awarehemu watoto wetu waliokufa maji, waliofunikwa na udongo na waliochukuliwa na maradhi, awafanye akiba ya wazazi wao Siku ya Kiyama, na aziunge nyoyo za waliobaki. Amin.

Wabillahi tawfiq.